Kocha Aliyebaki na Chipukizi

Mpira wa magongo sisi twaujua. Mwaka 1971, kule Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia. Lakini huko Kanada uko mwingine, unaochezwa juu ya barafu kwa viatu vya vyuma, na kinachopigwa ni kisahani cha mpira mgumu. Katika mchezo huo yuko mzee mmoja ambaye yafaa wasomaji wetu wamjue: Brian Kilrea wa mji wa Ottawa, aliyestaafu ukocha mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 74.

Timu yake, Ottawa 67's, ni ya vijana wa miaka 16 hadi 20, na jina lake latokana na mwaka 1967 ilipoundwa, Kanada ilipotimiza karne moja. Kilrea aliifunza misimu 32, akashinda mechi 1,193 za ligi. Mara mbili, 1984 na 1999, vijana wake walitwaa Memorial Cup, kombe kuu la chipukizi.

Walakini hesabu hiyo haionyeshi uzito wa kazi yenyewe. Vijana hao hutoka miji ya mbali, wakalelewa katika nyumba za wenyeji, wakasafiri kwa basi majira ya theluji. Na mara waivapo, huondoka. Doug Wilson alipita mikononi mwake akaenda zake 1977. Mwaka uliofuata Bobby Smith akawa wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa. Kocha husalia na wageni. Ndivyo alivyo mwalimu wa chuoni: aliyehitimu huaga, na mwalimu huanza tena na yule asiyejua kama alifu imesimama au imelala.

Wala si kwamba Kilrea hakuwa na pa kwenda. Mwaka 1967 ndiye aliyeifungia Los Angeles Kings bao la kwanza katika historia yake. Mwaka 1984 alikwenda New York kuwa kocha msaidizi wa Islanders, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa mara nne mfululizo, 1980 hadi 1983. Akakaa miaka miwili, akarudi Ottawa kwa vijana wake.

Kwetu tungesema ameshuka cheo. Mwalimu hodari wa darasa la kwanza twamtuza kwa kumwondoa darasani. Twampa ofisi na mafaili. Kocha wa chipukizi naye twamwona kama mtu angojaye timu ya maana. Mimi nasema anayebaki na watoto apandishiwe mshahara na cheo papo hapo alipo, na vilabu vyetu vianze.

Wakanada walimwingiza Kilrea katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mwaka 2003, na tuzo ya kocha bora wa chipukizi wa kila mwaka ikaitwa kwa jina lake, naye yungali kazini. Hawakungoja afe. Sisi washairi huku twaagizwa tanzia. Sifa za aliye hai, hasha, hakuna aziagizaye.

Oktoba 2014, siku chache kabla hajatimiza miaka 80, klabu yake ilimrudishia timu kwa mechi moja. Akaisimamia, mbele yake wakiwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipotwaa kombe la kwanza.