Mgono Nao Una Elimu

Wagenia husimika miti mikubwa katika maporomoko ya mto wa Kongo na kuning'iniza migono yao. Nguvu ya maji huwasukumia samaki. Je, hiyo si elimu? Walakini watoto wetu hudhani ya kuwa sayansi ni mali ya shule tajiri.

Tuwatazame wenzao wa Keriko, huko Nakuru, Kenya, waliokuwa na kompyuta moja tu. Mwaka 2018, wakiongozwa na Bruda Peter Tabichi, Mfransisko, walipeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya taifa chombo cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu. Shule yao ikawa ya kwanza miongoni mwa shule za serikali.

Basi, enyi wazazi, mtoto akiuliza kwa nini samaki hawezi kutoka mgononi, msimkemee. Mwacheni apime, aandike, akawaonyeshe wenzake.