Ofisi Mpya, Mlango wa Nani?

Ndugu wapenda mageuzi, tumezoea kuhesabu ushindi wetu kwa sheria. Kifungu cha 2A kilifutwa mwaka 1991, Katiba mpya ikapatikana mwaka 2010, na serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Lakini mwananchi hakutani na kifungu. Hukutana na jengo. Kaunti ya Uasin Gishu ilirithi mali ya Baraza la Manispaa ya Eldoret na ya Baraza la Wareng, na tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024, si ajabu wakubwa wakitamani ofisi zinazolingana na jina hilo.

Sipingi ukarabati. Nauliza tu: usasa huo ni wa nani? Ofisi nyingi tulizorithi zilipangwa ili mtawala akae na raia asubiri: dirisha dogo la karani, benchi juani, na ngazi za kumpandisha mkubwa mbali na kelele za watu. Ukiweka vigae na vioo, ukauacha mpango ule ule, umeupaka rangi ukoloni.

Nairobi imetufundisha kwa uchungu. Nyayo House ilipokamilika katika miaka ya 1980, nani angesema si ya kisasa? Ghorofani kulikuwa na ofisi za serikali. Chini kabisa, vyumba vya kuwatesea walioshukiwa kuipinga. Umma ulifunguliwa vyumba hivyo mwaka 2003. Mwaka huo huo ndipo jumba la KICC, ambalo KANU ilikuwa imelishika kama mali yake, liliporudi mikononi mwa wananchi.

Basi kabla fundi hajainua nyundo, michoro na gharama zibandikwe hadharani. Ghorofa ya chini iwe ya wananchi, pamoja na vyoo vyao. Anayetumia kiti cha magurudumu apite mlango ule ule wa gavana, kwa maana Kifungu cha 54 cha Katiba kimempa haki hiyo.

Ila linaloninyima usingizi hasa ni faili. Ofisi ikihamishwa ili ikarabatiwe, karatasi nazo huhama, na katika nchi hii mwenye kiwanja cha wizi hana rafiki mwema kuliko kabati lililopotea njiani. Askofu Alexander Muge wa Dayosisi ya Eldoret, aliyefia barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akirejea kutoka Busia, aliukemea unyakuzi wa ardhi wakati wengi walinyamaza. Tunaomheshimu tudai kila jalada la viwanja liorodheshwe na kunakiliwa kabla halijatoka mlangoni, mbele ya mashahidi wasiolipwa na kaunti.

Kikao cha kutoa maoni kitakapotangazwa, tangazo lisomwe kanisani pamoja na yale ya ndoa. Kila parokia itume watu wawili: mmoja wa kusema, mwingine wa kuandika majibu.