Ndoa Isipimwe kwa Mshahara

"Naweza kumfuata mume wangu Uingereza?" Wake wengi wa Mombasa na Dar es Salaam wanauliza, na jibu limo kwenye hati za mshahara. Tangu Aprili 2024, mwombaji mpya wa viza ya mwenzi kwa kawaida anatakiwa aonyeshe kuwa mwenzake aliyeko huko anapata pauni 29,000 kwa mwaka. Awali zilikuwa 18,600. Mshahara ambao mke analipwa huku hauhesabiwi, hata awe daktari. Hati za mshahara wa mume za miezi sita nazo zilingane na taarifa za benki.

Sharti hili linawaonea wafagiaji na wahudumu wa wazee, ambao ndoa zao ni halali kama za matajiri. Lilegezwe. Na wakala wa viza anayepokea ada huku akificha sharti hili anawaibia watu; serikali zetu zimbane kabla familia hazijauza mashamba.