Gobore la Babu

Wiki iliyopita nilikuwa Kasulu kwa babu. Sisi wa mjini tunajua bunduki za sinema, zinazojilisha risasi zenyewe: bonyeza tu, adui chali! Gobore la kushindilia ni habari nyingine.

Babu alikuwa akilindia nalo mahindi. "Mjukuu wangu, kati ya nguruwe pori kumi nilipata mmoja," aliniambia. Nikacheka. Yeye hakucheka, akanionyesha mkono: vidole viwili hakuna.

Kumbe shabaha ni usawa, kila mlio ufanane na uliotangulia. Kiwandani, kama pale Mzinga, Morogoro, risasi hupimwa. Babu alikadiria baruti kwa kiganja, leo kidogo, kesho nyingi. Vipande vya chuma havikulingana. Tena mtutu wa gobore ni laini ndani, hauna mifereji ya kuizungusha risasi iende moja kwa moja kama raifo.

Siku baruti ilipozidi, mtutu ukapasuka. Na kibali kinachotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015 hakuwa nacho! Mabaki akayasalimisha polisi.

Sasa anapiga debe tupu, nguruwe wanatimka. Debe halihitaji shabaha, wala haliondoki na vidole vya mtu. Tukutane wiki ijayo!