Kisima Kikigeuka Chumvi, Usichimbe Zaidi

Mkulima wa Kwale, kuanzia Tiwi hadi Msambweni, kisima chake kikianza kutoa maji ya chumvi huambiwa achimbe zaidi. Ushauri huo utamfilisi.

Karibu na ufuo, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, ambayo ni mazito zaidi. Kwa kanuni, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 chini ya usawa huo. Pampu ikishusha maji kwa mita moja, chumvi nayo hupanda taratibu kwa makumi ya mita. Anayechimba zaidi anaifuata huko huko iliko. Asilimia 2 tu ya maji ya bahari inatosha kuharibu ladha. Mnazi utavumilia, maharage yataungua kingo za majani.

Hata hivyo, tunailaumu bahari kupita kiasi. Mwamba wa matumbawe umejaa nyufa, na mvua ya masika hushuka humo na kila ilichokikuta: yuria, samadi, uchafu wa vyoo vya shimo. Naitreti inayotokana na hivyo haina rangi wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kukiangalia kila kisima peke yake ilhali maji ni ya wote. Msimu wa watalii huangukia kaskazi, ardhi ikiwa kavu. Hoteli na mashamba huvuta kwa pamoja. Pampu ya sola, ambayo naiunga mkono, haina gharama ya dizeli ya kumkumbusha mtu kuizima. Vibali viweke kikomo cha maji kwa eneo zima, wavutaji wakubwa wakianza kupunguza, na vipimo vya chumvi vitangazwe hadharani.

Nawe mkulima, kabla ya kuita mtambo wa kuchimba, pima chumvi ya kisima chako mwisho wa kiangazi, kisha baada ya masika. Ikiwa imeshuka, kuna uwezekano mkubwa kwamba kisima kinavutwa kupita kiasi: punguza saa za pampu, mwagilia kwa matone, na choo kikae mbali.