Maktaba ipimwe kwa saa yake ya kufunga

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti maktaba katika aya ileile inayozikabidhi fuo za bahari. Ufuo wa Diani haukosi wa kuusemea. Maktaba leo tunaisemea sisi.

Mtoto wa Kona ya Musa, hapa Kaunti ya Kwale, anayetaka kitabu kisichokuwa cha darasani aende wapi? Mjini Kwale ipo maktaba ya Shirika la Huduma za Maktaba Nchini, shirika lililoundwa kwa sheria mwaka 1965. Kuifikia inabidi apande matatu hadi Kombani, ashuke, kisha apande nyingine ya kupanda mlima. Mombasa kuna Tononoka, na kuna Seif bin Salim iliyoanzishwa 1903, lakini huko ni nauli tena na feri ya Likoni juu yake. Zote ni maktaba za heshima. Ila mwanafunzi wa kutwa anatoka shule alasiri, na akifika huko wahudumu wanajiandaa kufunga. Inabaki Jumamosi, ambayo pwani hii ni siku ya madrasa na ya kufua sare.

Vitabu vya karibu navyo vina mambo yake. Tangu 2018 Serikali inapeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na shule nyingi huvifungia kabatini kwa hofu ya kupotea. Hotelini kuna rafu za riwaya za Kijerumani na Kiingereza zilizoachwa na wageni, kurasa zimevimba kwa maji ya bahari, na msomaji wake ni mgeni mwingine. Kwa hiyo mtoto akipewa kazi ya utafiti huishia saiba, mzazi alipie kila ukurasa unaochapishwa.

Kaunti inalipia watoto wetu karo kupitia mpango wake wa Elimu ni Sasa, na tunaipongeza kwa dhati. Lakini aliyelipiwa karo hurudi jioni kwenye chumba kimoja cha kupanga, chenye taa moja, redio, na wadogo zake wanaolia. Anachokosa saa hiyo ni meza na utulivu.

Ndiyo maana tunasema maktaba isipimwe kwa ukubwa wa jengo wala wingi wa rafu. Ipimwe kwa saa inayofunga, na kwa nauli ya kuifikia. Chumba cha mabenchi manne kilicho wazi hadi saa tatu usiku, karibu na nyumbani, kina faida kwa mtoto huyu kuliko ghorofa asiloweza kulifikia.

Wala hatuombi jengo jipya. Madarasa ya chekechea ni ya kaunti, na watoto wake hurudi nyumbani mchana. Baada ya hapo yanakaa bure. Lichaguliwe moja, liwekwe meza za kimo cha vijana, kwa sababu vile viti vya chekechea havimfai mtu wa sekondari, litiwe taa za kutosha, na aajiriwe mhudumu wa kulipwa mshahara. Mtu wa kujitolea atakaa miezi miwili, apate kibarua hotelini, na ufunguo upotee naye.

Na vitabu? Shirika hilohilo la Huduma za Maktaba lilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia mwaka 1996. Kutoka Kwale hadi Kona ya Musa ni lami tupu. Kasha la vitabu likibadilishwa kila mwezi linatosha kuanzia.

Kisheria, makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia 30 Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Wazazi wa Kona ya Musa, mkiitwa, nendeni. Ombeni chumba cha kusomea, kiandikwe katika makadirio na mshahara wa mhudumu wake, na msitoke kikaoni kabla ya kuambiwa kitafungwa saa ngapi.