"FORWARDED AS RECEIVED" SI KINGA MBELE YA ALLAH



Hapa kwetu Mikese, katika grupu moja la WhatsApp la ukoo, ililetwa habari kwamba mzee wetu fulani amefariki. Watoto wake walioko Dar wakaanza kulia na kutafuta nauli. Kumbe mzee mwenyewe yuko shambani, simu imeisha chaji. Nilipomuuliza aliyeituma habari ile, akanijibu: "Ustadh, mimi sina kosa. Soma pale chini, nimeandika forwarded as received."

Ndugu zangu, maneno hayo ya Kiingereza, yaani nimeituma kama nilivyoipokea, tumeyafanya kinga. Mtu hajui kama habari ni ya kweli, hajamuuliza yeyote, anairusha kwa watu mia mbili, kisha anayabandika maneno hayo chini akidhani dhambi imebaki kwa aliyemtumia.

Rejeeni Suratun Nur, kisa cha Ifk, pale Mama yetu Aisha (r.a.) alipozushiwa. Wengi walioingia katika fitina ile hawakuutunga uzushi. Waliupokea tu na kuupeleka mbele. Alikuwamo hata Mistah, sahaba aliyepigana Badr. Katika aya ya 15 Allah anawalaumu kwa kuupokea uzushi ule kwa ndimi zao. Zingatieni hapo: habari hupokewa kwa masikio. Wao wameipokea kwa ulimi, kwa sababu baina ya kusikia na kusema hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Sisi leo tunapokea kwa kidole gumba. Na aya hiyo hiyo inatufundisha kwamba wao waliliona jambo dogo, na kwa Allah lilikuwa kubwa.

Atakuja mwenye elimu aniambie: "Mbona Imam Tabari, katika utangulizi wa Tarikh yake, anaeleza kuwa anazipokeza habari kama zilivyomfikia?" Ni kweli. Lakini Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, alitaja majina: amenihadithia fulani, kutoka kwa fulani. Msomaji aliachiwa mlango wa kuwapima wapokezi mmoja mmoja. Wewe umemtaja nani? Sanad yako inaanzia "nimetumiwa" na inaishia hapo hapo.

Na msidhani madhara yake ni nauli na machozi tu. Barabara hii inayopita Mikese, ukiendelea nayo kupita Morogoro mjini, inakufikisha Dodoma. Huko, wilayani Chamwino, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Oktoba 1, 2016, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ukasema ni wanyonya damu. Kila aliyeupitisha uvumi ule angeweza kusema: mimi nimesema kama nilivyosikia. Watu watatu hawakurudi nyumbani.

Basi tufanyeje? Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Mpigie simu mhusika, au jirani yake. Ukikosa uhakika, nyamaza. Ikiwa ni jambo la tahadhari na huna budi kulisema, mtaje aliyekwambia na ueleze kuwa bado halijathibitishwa. Na ukigundua umekosea, rudi kwenye grupu lile lile uandike: nilikosea.

Yule ndugu yetu alirudi akaomba radhi, Allah amlipe kheri. Lakini habari ya kifo ilifika magrupu mengi kabla ya adhuhuri. Radhi yake hakuna aliyeisambaza.

Na darsa hii pia, kabla hujaituma kwa mwenzako, fungua msahafu uzitazame aya hizo mbili kwa macho yako.

Wabillahi tawfiq.